Bi Ganzi Anachukua Mkoba Wake

Katika ndoto niliyoiota usiku wa jana, kitu cha kwanza kukiona ni soksi za daktari. Moja ilikuwa nyekundu, nyingine haikuwepo. Ndipo nikagundua kwamba kichwa changu kimefunuliwa kama sufuria, na kifuniko kimewekwa vizuri pembeni.

"Usiogope, Siwema," daktari akasema. "Tunatoa uvimbe mdogo tu. Lakini lazima uwe macho na uongee, nisije nikakata mahali maneno yako yanapokaa."

Kando ya kitanda alikuwa Usingizi, mzee mnene aliyejifunika blanketi. Nesi akamwambia, "Babu, hebu toka nje kidogo. Tukishamaliza kuongea naye tutakuita."

"Mnaniita, mnanifukuza, mnaniita tena! Mimi mpira?" Akatoka akiburuta blanketi lake.

Akabaki Bi Ganzi, mama mwembamba aliyekaa ukingoni mwa kichwa changu, mkoba mapajani.

"Nipo, mwanangu," akaninong'oneza. "Nikiondoka, kisu utakisikia chote. Ila mimi sikai kwa mtu asiyeumwa. Ndiyo sheria yetu."

Nesi akaniuliza, "Hujambo, Siwema?"

"Sijambo." Ningejibuje?

Bi Ganzi akavaa kiatu kimoja.

Sasa chumba ni ukumbi wa harusi. Kitanda changu kiko katikati ya wageni, daktari bado anachokoa, na ndugu zangu wote wamepanga foleni kunisalimia.

"Habari za siku nyingi?"

"Nzuri."

Kiatu cha pili.

"Mzima lakini?"

"Mzima kabisa."

Bi Ganzi anajifunga kanga.

"Na huko kichwani?" inauliza sinia ya pilau.

"Salama tu, shikamoo," najibu, maana sinia ile imenizidi umri.

Bi Ganzi anachukua mkoba. "Basi kama ni mzima, mimi nakaa hapa kufanya nini?"

"Mwambie ukweli, dada," kisu kinanisihi. "Mimi nina makali, lakini haya pia ninayo."

Nafungua mdomo. Hakitoki kitu, kama darasani, kabla sijaacha shule. Ubaridi unaanza kuingia kichwani. Nanyoosha mkono, nadaka pindo la kanga yake.

Anageuka. Ananitazama sana.

"Haya, leo nakaa kwa sababu umenishika," anasema, akivua viatu. "Lakini siku nyingine ukiulizwa, jibu."

Wageni wote wanapiga vigelegele, daktari naye anacheza na soksi yake moja.

Nikazinduka. Kumekucha. Nikajikuna juu ya sikio. Kidole kilihisi ngozi, lakini ngozi haikuhisi kidole.

Uani, shangazi Mwatumu anayenilea alikuwa anakuna nazi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Hujambo?"

Sijambo ikafika mpaka kwenye meno. Nikaimeza.

"Naumwa, shangazi. Kichwa. Siku nyingi sasa, na ninaogopa."