Chokaa ya Chumba cha Kulia

Jirani wa upande wa kushoto, yule fundi cherehani ambaye mashine yake iko dirishani na macho yake yako barabarani, anashikilia kwamba aliona kila kitu. Anasema siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, binti mdogo wa nyumba ya pili alipandwa na wazimu, akashika chuma, akaanza kuubomoa ukuta wa chumba cha kulia huku analia na kupiga mayowe. Anasema meza ilirushwa nje ikaanguka miguu juu, viti vikafuata, na mzee wa watu, kichwa cheupe pee kwa vumbi, akakalishwa juu ya ndoo kama kuku aliyefungwa kamba. "Nawaambia niliyoyaona kwa macho yangu mawili," humalizia, pini mdomoni.

Meza kweli ilikuwa nje, tena miguu juu. Ndoo ilikuwepo, na vumbi lilikuwepo. Lakini hakuna aliyelia. Katika nyumba ile hakuna mtu aliyekuwa amelia kwa miezi minane.

Binti mwenyewe kwao walimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye wa mwisho kuzaliwa. Dada yake mkubwa aliolewa akahamia mji mwingine, mwendo wa saa sita kwa basi, yeye akabaki na wazazi. Mama yao alipofariki, Kitinda alifua mashuka, akakunja magauni, akaosha sufuria walizoleta wageni na kuzirudisha kwa wenyewe, kila moja na kifuniko chake. Watu wakamsifu kwa moyo mgumu. Moyo haukuwa mgumu wala laini. Ulikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu: upo, unauona, lakini ukiubonyeza ni kama wa mtu mwingine.

Baba yao, fundi baiskeli aliyekwisha kuacha kazi, tangu siku ya mazishi hakukanyaga tena chumba cha kulia. Alikula chumbani kwake, kitandani, sahani juu ya magoti, mgongo kaupa mlango. Kitinda alipeleka sahani, akarudi baadaye kuichukua, nusu yake imebaki. Hawakugombana. Hawakuwa na la kugombania.

Ndipo Dada Mkubwa alipokuja kuwaona. Alikaa siku mbili, akatazama, na asubuhi ya kuondoka akamfuata mdogo wake jikoni.

"Mtu anayekula kitandani miezi minane ni mgonjwa," alisema. "Mimi nina chumba, nina shemeji yako, nina watoto wa kumpigia kelele. Nitamchukua."

"Baba hajasema anataka kuhama."

"Baba hajasema kitu chochote, Kitinda. Hata maji haombi."

"Nipe wiki tatu."

"Za nini?"

"Atarudi mezani."

Dada Mkubwa alimtazama mdogo wake kama anayetazama chungu chenye ufa, anajiuliza kama kitafika nyumbani. "Haya. Jumapili ya tatu nakuja, mchana. Nikimkuta mezani anabaki, wala sitalitaja tena. Nikimkuta kitandani, Jumatatu naondoka naye. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, dada."

Baba akiondoka, Kitinda angebaki na vyumba vitatu na sauti ya cherehani ya jirani. Aliliwaza hilo usiku na mchana wala hakuhisi hofu. Aliliona tu, kama unavyoona mvua ikinyesha upande wa pili wa kioo. Hata hivyo alijua kwamba hataki. Kujua alikuwa bado anajua.

Hesabu yake ilikuwa hii: chumba cha kulia ni cha mama. Kuta zake nyeupe alizipaka mama, kila mwaka, kwa chokaa, mtandio kichwani na suruali ya zamani ya baba chini ya gauni. Kiti chake kinatazama jikoni. Mzee akisimama mlangoni hana pa kuweka macho. Basi chumba kigeuzwe, kisijulikane kuwa ndicho kilekile, na mzee ataingia kama mgeni.

Alikwenda dukani akachagua rangi ya mafuta, kijani hafifu. Muuza rangi alikuwa mtu wa maneno.

"Hii, dada yangu, hata ukimpaka mbuzi atachinjwa nayo."

"Mimi napaka ukuta."

"Basi ukuta ndiyo kabisa. Mpaka wajukuu."

Kitinda alihamisha vyombo, akafagia kuta kuanzia juu hadi chini, akafunga mlango ili harufu isimsumbue mzee, akapaka. Mkono wa kwanza Ijumaa, wa pili Jumamosi. Hakuwa amewahi kushika brashi ya kazi hiyo, lakini alikuwa na subira. Pembeni kwa fremu ya mlango alikwenda polepole kama anayempaka mtoto dawa ya macho. Jumapili chumba kikawa kinang'aa. Fundi cherehani akachungulia dirishani, akashika kifua.

"Mwenzangu! Hapa pamekuwa hotelini. Tutaruhusiwa kuingia na kandambili kweli?"

Kitinda alicheka kwa adabu. Usiku ule alilala bila kuamka hata mara moja.

Jumanne asubuhi ukuta ulikuwa na malengelenge. Mwanzoni madogo, kama ya mtu aliyeungua mafuta ya kukaangia. Kufika saa mbili yalikuwa mapana kama visahani. Alibonyeza moja kwa kidole. Rangi ikabanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa, ikaning'inia, na nyuma yake kulikuwa na unga mweupe. Akavuta. Likaja pande zima, urefu wa taulo, bila hata kupiga kelele.

Alilikunja lile pande, akalipeleka dukani.

"Ulikwangua chokaa kwanza?" akauliza muuza rangi.

"Nilifagia."

"Ulifagia!" Muuza rangi akashika kichwa, akawageukia wateja wengine kama anayetafuta mashahidi. "Dada yangu, umempaka mtu mafuta juu ya koti, halafu unashangaa ngozi haing'ai. Nenda kavue koti."

Kitinda hakukasirika. Alirudi nyumbani, akatoa meza nje na kuipindua ili uso wake usichubuke, akatoa viti, akachukua kisu cha jikoni, akaanza. Hiyo ndiyo saa nne ya jirani. Kisu kilikwaruza, chokaa ikaanguka, yeye akasogea kidogo kulia, akakwaruza tena. Upande wa pili wa ukuta ule kulikuwa na kitanda cha baba.

Alikuwa amemaliza eneo la kutosha gazeti moja aliposikia mlango. Mzee alikuwa amesimama kizingitini, miguu peku, amevaa fulana.

"Unatumia kisu?"

"Ndiyo, baba."

"Kisu cha nyanya hicho."

Akaondoka. Kitinda akadhani amerudi kulala. Lakini mzee alirudi na chuma bapa cha kubandulia tairi, kile alichofanyia kazi miaka yake yote, ncha imelika ikawa nyembamba kama ulimi.

"Kilaze hivi. Usichimbe, utaingia kwenye lipu. Sukuma kutoka chini."

Kitinda akakilaza, akasukuma. Chokaa ikatoka kwa magamba.

"Mama yako alikuwa anatia chumvi," mzee akasema.

"Chumvi?"

"Kwenye chokaa. Isichafue nguo za watu wakiegemea. Sasa chumvi inavuta maji, na yeye hakukwangua hata mwaka mmoja; juu ya juu, juu ya juu. Rangi yako haikuwa na pa kushika."

"Mbona hukuniambia, baba?"

"Ulifunga mlango ukapaka. Nilisikia harufu tu."

Akatazama huku na huku atafute pa kukaa. Meza ilikuwa nje, viti nje. Akapindua ndoo ya chokaa, akakaa.

Basi ikawa hivyo. Kila asubuhi, akishakunywa chai, mzee alikuja kukaa juu ya ndoo na kusimamia kazi. "Hapo umeacha." "Pale juu, karibu na swichi. Si hapo, kulia. Kulia yako ya lini hiyo?" Mchana Kitinda aliweka chuma chini, akanawa, akamletea sahani yake palepale, mzee akala katikati ya vumbi, akamaliza, akaomba kuongezewa mchuzi. Siku nyingine alisimama, akampokonya chuma, akakwangua mwenyewe mpaka fulana ikamganda mgongoni.

Chokaa ilikuwa na matabaka kama chapati ya kukunja. Mzee aliyatambua. Hii ni ya mwaka lilipoezekwa bati jipya, vumbi lote liliingia humu. Hii ni ya harusi ya dada yako, ona ilivyo nene, aliipaka mara mbili kwa ajili ya wakwe. Karibu na dirisha walifikia tabaka la bluu.

"Loo!" mzee akasema. "Mwaka huo alizidisha bluu ya kufulia. Alitaka weupe ukolee. Tulikula humu miezi kumi na miwili kama watu waliokwisha fika mbinguni." Akacheka. Kicheko chenyewe kilikuwa kifupi, kimeshika kutu, lakini kilikuwa kicheko.

Kitinda alijua kwamba hilo ni jambo la kumfurahisha mtu. Alisimama akangoja furaha, kama anayengoja birika lichemke, akatazama vidole vyake vilivyopauka. Haikuja. Akaendelea kukwangua.

Wiki ya pili ilipokuwa inaisha, Dada Mkubwa alipiga simu.

"Nasikia umembomolea baba nyumba!"

"Nani kasema?"

"Usiniulize nani kasema. Nimeambiwa anakula juu ya ndoo."

"Anakula juu ya ndoo kweli. Lakini anamaliza, dada. Na anaongea. Jana amenigombeza asubuhi nzima."

"Kitinda, mimi na wewe tulikubaliana meza. Ndoo si meza."

"Meza inarudi Jumamosi."

"Haya. Jumapili niko hapo."

Akaongeza kasi. Aliziba mashimo ya lipu, akapiga msasa, akafuta vumbi kwa kitambaa kibichi, akangoja pakauke. Akapaka mkono wa kwanza wa kijani, akagonga kwa kucha siku ya pili: imeshika. Akapaka wa pili. Mzee juu ya ndoo alikuwa na machache ya kusema sasa. Rangi ikipakwa vizuri haina la kusahihishwa. Alitazama brashi ikipanda na kushuka, na mara nyingine alitazama mikono yake mwenyewe, isiyo na vumbi tena.

Jumamosi mchana meza ilirudi ndani. Kitinda alikipeleka kiti cha mama upande wa pili, mgongo wake ukaelekea jikoni. Akatandika kitambaa kipya. Akaosha ndoo, akaiweka uani ikauke.

Mzee alikuwa amesimama mlangoni.

"Pamekwisha?"

"Pamekwisha, baba."

"Pote?"

"Pote."

"Haya," mzee akasema, "mikono yako mizuri." Akaenda chumbani kwake, akafunga mlango. Jioni sahani ilirudi nusu.

Jumapili Dada Mkubwa aliingia na begi kubwa lisilo na kitu ndani. Lilimpigapiga mguuni kama pazia. Alisimama katikati ya chumba cha kulia, akazunguka, akapitisha kiganja ukutani.

"Wewe peke yako?"

"Na baba."

"Mh. Nilidhani nitakuta gofu. Yule mama wa cherehani angepewa redio asomee habari." Akatabasamu, kisha akaona sahani tatu na viti vitatu, na tabasamu likapungua. "Yuko wapi?"

Kitinda alipakua wali, akapakua maharage, akaweka maji. Akasogea mpaka mlangoni kwa baba.

"Baba, chakula tayari. Dada kaja. Tunakungoja mezani."

"Nileteeni huku," mzee akajibu. Hakujibu kwa ukali. Alisema kama mtu anayeomba dirisha lifungwe.

Walikaa, kila mmoja mbele ya sahani yake. Mvuke ulipungua, kisha ukaisha. Kitinda alihesabu mikunjo ya kitambaa cha meza, akafika kumi na moja, akaanza upya.

"Mdogo wangu," Dada Mkubwa akasema hatimaye, "mimi sikulaumu. Umefanya ambalo mimi nisingeliweza. Lakini tulikubaliana." Akainuka, akachukua begi, akabisha kwa baba, akaingia.

Kitinda alimfuata na sahani ya mzee. Akasimama kizingitini. Dada alikuwa amekwisha fungua kabati, anatoa mashati na kuyapanga kitandani. Mzee alikuwa amekaa ukingoni, mgongo kwao, uso ukutani. Hakuuliza begi ni la nini. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukutani, karibu na mto. Ukucha wa kidole gumba ulikuwa unakwangua, polepole, kutoka chini kwenda juu. Alikwisha kukwangua chokaa kiraka sawa na bahasha. Unga ulikuwa umemwagika juu ya shuka, juu ya goti lake.

Kitinda aliweka sahani sakafuni. Alitazama kuta nne za chumba kile, moja baada ya nyingine, mpaka darini. Humu nako mama alikuwa anapaka kila mwaka. Kuna kazi ya mwezi mzima humu, pengine zaidi.

"Dada," alisema. "Dada, usimchukue kesho. Niachie kwanza chumba hiki. Sijui nitamaliza lini."

Dada Mkubwa alikuwa ameshika shati la kaki. Alifunga kifungo cha chini, akafunga kinachofuata, akapanda hivyo mpaka kwenye ukosi, akalilaza, akalikunja mikono. Kisha akanyoosha mkono kabatini akachukua jingine, akalishika hivyo bila kulifungua wala kuliweka juu ya mengine, macho kwa mgongo wa baba yake.