Mgeni Rasmi Aliyetoka Kwenye Belo

Jumanne asubuhi, sokoni Mkolani, Teodora alikata mikanda ya belo la makoti akavuta koti jeusi la sufu. Halikutoka. Akamwita jirani yake Justa, wakavuta wawili, likaja na mwenyewe ndani: mzungu wa makamo, ndevu hadi kifuani, aliyefariki mwaka 1884.

"Shikamoo, baba," alisema Teodora.

"Marahaba, mama. Ezra Tolliver, mfanyabiashara wa mbao na mjumbe wa bunge la jimbo, Ohio."

"Karibu. Ila hilo koti nitaliuza."

Zamani mitumba iliitwa kafaulaya, yaani nguo za waliokufa Ulaya, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Huyu alikuwa amechelewa kufika tu. Wakamkalisha juu ya ndoo, wakaendelea na kazi zao.

Shida ya Teodora ilikuwa nyingine. Daktari alimwambia figo zake zinataka maji mengi, na soko halikuwa na choo. Miaka minne aliuza kutwa nzima na koo kavu asije akabanwa, akimwomba diwani Venant choo mpaka aibu ikamwisha. Sasa, ashukuriwe Mungu, kinazinduliwa Jumamosi. Wiki nzima kilikuwa kimefunikwa kwa turubai.

Jumamosi mgeni rasmi akapiga simu: amepata udhuru. Pilau limeshaiva, na uzinduzi bila mgeni rasmi ni watu waliokusanyika tu. Venant akatupa macho huku na huku, akamwona marehemu. Wakambandika ua kifuani.

Marehemu akakata utepe, turubai likashuka. Ulibaki mlango wa bluu umesimama peke yake. Ukuta hakuna, shimo hakuna. Nyuma yake mbuzi wa Nathaniel, mlinzi wa soko, anakula majani. Mlango wenyewe, haki ya Mungu, ulikuwa mzuri.

"Sema, baba!" Teodora alipaza sauti. "Wewe ni mtunga sheria, na ulishakufa. Utamwogopa nani?"

Marehemu alimtazama mbuzi. Machozi yakamlenga.

"Ndugu wananchi," alisema, "mimi nilizindua daraja lenye upande mmoja. Wakanichagua tena mara tatu. Nimefarijika sana kuona kazi inaendelea."

Vigelegele! Venant akamkumbatia, katibu akaandika kwamba choo kimefunguliwa, na kamati ya maendeleo ikampa marehemu ujumbe wa kudumu, kwa kuwa ana uzoefu.

Queen, binti wa mpishi, alipita akigawa maji ya chupa. Teodora alifungua yake, akasukutua mdomo taratibu, akatema, akarudi kwenye makoti.