Mshale Ufuate Mwendo

Shemeji alikuwa na tabia moja: habari mbaya aliileta akiwa amekaa. Kwa hiyo asubuhi ile alipovuta kiti katikati ya chumba cha kuokea mikate na kujikalia bila kukaribishwa, mwokaji alijua kuna jambo. Akaendelea kufuta meza isiyo na unga.

"Fundi wa dohani haji," shemeji alisema. "Nimempigia simu. Nimemwambia kazi imesimama."

"Imesimamishwa na nani?"

"Shemeji, usinifanye niseme sana. Dohani ile inatuzidi umri sote. Kesho saa nne mkaguzi anakuja. Akikuta haina bomba ndani, ataandika ibomolewe, nawe utapumzika. Hapa tutapata stoo nzuri."

Hiyo "utapumzika" ndiyo iliyomkata maini. Tangu mumewe afariki, mwaka wa tatu sasa, kaka huyu wa marehemu alikuwa akimwonea huruma kila mahali isipokuwa penye msaada. Nyumba ilikuwa ya ukoo, sawa. Lakini tanuri lilikuwa lake. Alilijenga na mumewe tofali kwa tofali, na dohani ikibomolewa, lile tanuri lingekuwa kabati la matofali tu.

Na ubovu wa dohani haukuwa wa kubishaniwa. Ilianzia kwenye tanuri, ikapanda ndani ya ukuta wa chumba cha ghorofani, ikatokea juu ya paa. Ndani ilikuwa imepasukapasuka. Moshi ulipenya chumba cha juu, ambako wifi yake, dada wa marehemu, alishona nguo za watu. Kuna bibi harusi aliyeingia ukumbini ananukia samaki wa kukaushwa. Kisha mtu asiyejulikana akaandika barua halmashauri, na amri ikaja: tanuri lisiwashwe mpaka dohani ivishwe bomba la chuma. Wiki ya pili hiyo, moto hakuna, na wateja walikuwa wameanza kuzoea mikate ya wengine.

Bomba lenyewe lilikuwa uani, limeviringishwa, jipya, linang'aa, mita tisa za chuma kinachopindika. Mafundi huliita soksi, kwa kuwa dohani huvishwa kwa ndani. Jukwaa la mbao lilikuwa tayari limefungwa kuizunguka dohani juu ya paa. Kilichokosekana ni fundi.

Mwokaji alimpigia simu.

"Mama, mimi siingilii mambo ya familia," fundi alisema, na sauti yake ilikuwa na aibu.

"Usiingilie. Nieleze kazi tu."

Akamweleza harakaharaka, kama mtu anayeogopa kukutwa. Ateremshe kamba yenye uzito kutoka juu. Mwisho wa bomba avishe ile pua ya plastiki iliyochongoka, kamba ifungwe kwenye pua. Mmoja awe juu akilisukuma, mwingine awe chini akivuta, polepole, wasilazimishe kwenye kona. "Halafu, mama, bomba lina mshale. Mshale ufuate mwendo. Usisahau hilo." Akakata simu.

Shemeji, aliyekuwa bado amekalia kiti chake, alicheka kidogo. "Utapanda paa wewe?"

"Ngazi haijauliza ni nani anayepanda," mwokaji alimjibu, akatoka.

Sasa alihitaji mtu wa pili, na mtu wa pili nyumbani mle alikuwa wifi. Miaka kumi na moja wawili hawa walizungumza habari za chumvi na mvua, basi. Wifi ndiye aliyembandika jina la Mama Moshi, na mtaa mzima ukalipokea. Mwokaji alipanda ghorofani na kumkuta ameinamia cherehani, pini tatu mdomoni. Alimweleza yote akiwa amesimama mlangoni. Alikuwa tayari kwa kejeli.

Wifi alitema pini moja moja. "Nishike kamba au nishike ngazi?"

Saa nane mchana walianza. Mwokaji alijifunga kibwebwe, akapanda na bomba begani, vipande vya chokaa vikimwingia kwenye viatu. Kule juu upepo ulimtikisa, naye akautukana. Aliutafuta mshale, akauona umechapwa ubavuni mwa bomba. Ufuate mwendo. Bomba lilikuwa linakwenda chini, kwa hiyo mshale akauelekeza chini, akateremsha kamba.

"Nimeipata," sauti ya wifi ilipanda ndani ya dohani, nzito, imejaa masizi. Wifi alikuwa amepiga magoti chini, nusu ya mwili wake ndani ya tanuri. Walivuta na kusukuma, shubiri kwa shubiri. Kufika mita ya nne bomba lilikwama kwenye kona, wakalizungusha, likapita. Shemeji alikuwa amehamishia kiti chake uani ili asikose kitu.

"Wifi," sauti ilisema kutoka chini. Sasa ilipita ndani ya bomba, ikasikika karibu kana kwamba wamelala mto mmoja. "Ile barua ya halmashauri. Niliiandika mimi."

Mikono ya mwokaji ilisimama.

"Nilitaka moshi uishe," wifi aliendelea. "Sikutaka tanuri life. Sikujua kaka atapata mwanya. Ningekwambia usoni, lakini uso wako unanishinda."

Hasira zilimpanda mwokaji hadi masikioni. Wiki mbili alikuwa amelala akihesabu maadui, na kumbe adui yuko chini ya kamba yake. Maneno yalimjaa, makali, ya miaka kumi na moja. Tatizo ni kwamba alikuwa ameshika bomba kwa mikono miwili, na aliyestahili kugombezwa yuko mita tisa chini, kichwa ndani ya tanuri.

"Tutagombana kesho saa tano," alisema. "Mkaguzi akishaondoka. Sasa hivi vuta."

Wifi akavuta. Saa kumi pua ya plastiki ilitokeza ndani ya tanuri, na mwokaji akajikalia jukwaani kwa furaha. Furaha haikudumu.

"Wifi, litoe," sauti ilisema kutoka chini.

"Nitoe nini?"

"Bomba. Lote. Liko kichwa chini."

Mtu aliyekiri usaliti saa moja iliyopita sasa anamwambia ang'oe kazi ya mchana mzima. Shemeji alisikia kutoka uani, akainuka kwenye kiti kwa mara ya kwanza siku ile. "Anakuchezea huyo. Na hata kama ni kweli, acheni hivyohivyo. Mkaguzi ataona moshi umetoka juu, basi. Nani atakwenda kuchungulia ndani?"

Mwokaji alishuka ngazi bila kumtazama. Alimkuta wifi mweusi tii, yamebaki macho na meno.

"Mimi sijui dohani," wifi alisema. "Najua mishono. Ingiza kidole."

Bomba lilikuwa limetengenezwa kwa ukanda wa chuma uliozungushwa na kulaliana. Mwokaji aliingiza kidole akakipandisha: kikateleza. Akakishusha: kikakwaruzwa na ukingo, halafu ukingo mwingine, halafu mwingine.

"Mshono unatazama juu," wifi alisema. "Ile lami ya moshi ikitiririka kushuka, itakamatwa kila unapolaliana. Itajaa. Kisha siku moja itawaka."

Itawaka kwenye ukuta wa chumba chake mwenyewe, lakini hilo wifi hakulisema. Mwokaji aliangalia mshale uliokuwa unaonyesha sakafu. Mwendo. Fundi alisema mwendo, naye akadhani ni mwendo wa bomba. Ulikuwa mwendo wa moshi.

Angeweza kuacha. Mikono ilikuwa imechubuka, jua limeinama, na shemeji, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alikuwa amesema jambo lenye manufaa: hakuna ambaye angejua. Hilo ndilo lililomtia nguvu. Hakuwa tayari kuanza kufuata ushauri wa shemeji siku ile, tena juu ya moto.

"Niachie kamba," alisema. "Napanda."

Walilitoa lote. Walilazwa na uchovu uani dakika kumi. Wakaligeuza, wakavisha pua upande wa pili, wakaanza upya. Mara hii kwenye kona walijua wazungushe wapi. Giza lilipoingia, bomba lilikuwa limebanwa kwenye tanuri na kuzibwa kwa saruji inayostahimili moto, na juu ya paa dohani ilikuwa imevikwa kofia yake ya bati.

Mkaguzi alifika saa nne na robo, mtu mwembamba mwenye tochi na mkoba. Alipanda paani akaliziba bomba juu, akashuka akawasha kwenye tanuri kidonge cha kutoa moshi wa kupimia, akapanda ghorofani na kunusa ukuta kama mtu anayekagua maziwa. Hapakuwa na harufu. Alizibua juu, akarudi chini, akaingiza mkono ndani ya bomba, akamulika, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Kisha akatoa fomu.

"Kazi ni safi. Hapa inahitajika sahihi ya fundi aliyeiweka. Pakitokea moto, yeye ndiye anayewajibika. Bila sahihi siwezi kuruhusu."

Shemeji alikuwa mlangoni. "Fundi hakuna," alisema upesi, sauti tamu. "Ni hawa wanawake tu."

Mkaguzi alimtazama mwokaji. Kalamu ilikuwa mkononi mwake, haijui pa kwenda. Mwokaji aliichukua. Aliandika jina lake, la baba yake na la babu yake, kwa herufi kubwa, na penye neno "fundi" akatia sahihi. Wifi alimpokonya kalamu, akaandika la kwake chini, nje ya mistari, kwa kuwa fomu ilikuwa na nafasi ya mtu mmoja tu.

Mkaguzi aliisoma fomu mara mbili. Alipiga muhuri.

Mwokaji alipanga kuni, akawasha. Moto ulisita, ukanywea, halafu ukavutwa kwa nguvu, na sauti ya pumzi ndefu ikapanda juu ndani ya chuma.

"Na nyumba ya ukoo ikiungua?" shemeji alisema. Alikuwa amesimama mbele ya tanuri, hajakaa. "Nani atajibu?"

"Majina yapo kwenye fomu," mwokaji alimwambia. "La kwako umeliandika wapi?"

Shemeji akasogea, kwa sababu joto lilikuwa limeanza kumfikia, na wifi akapita na beseni la unga.