Ndege Iliyopanda Tena

Asubuhi ile ukungu ulilala juu ya uwanja wetu wa ndege ukakataa kuondoka. Ndege ya kumpeleka mke wangu Atupele hospitali kubwa ilifika, ikavuma juu ya mabati, ikapotea. Daktari alikuwa ameniambia wazi kwamba bila hospitali hiyo hafiki kesho. Nesi Lusungu akasema rubani atajaribu mara moja zaidi. Nikakaa kwenye benchi nje ya wodi nikiwatukana marubani wote kimoyomoyo, mpaka usingizi ukanibeba.

Nikajiona nimesimama ndani ya ndege, nyuma ya viti vya mbele, katika nchi isiyo na juu wala chini, nyeupe kote kama ndani ya gunia la pamba. Usukani aliushika Kiburi, mwanamume mnene mwenye miwani ya jua. Kando yake alikaa Busara, mwanamke mkavu asiyeinua macho kutoka kwenye mishale ya vipimo iliyo mbele yake. "Usitazame nje, baba," aliniambia. "Huko utaona unachokitamani. Mshale huu unafuata mawimbi ya mtambo ulioko uwanjani. Ukisimama katikati, tuko njiani."

Kiburi akacheka. "Bibi, mimi hapa natua hata nikisinzia."

Mara mshale ukayumba. Busara akaita kwenye redio, "Mazoea! Umeegesha nini mbele ya mtambo?"

"Trekta la kufyekea majani," ikajibu sauti ya kivivu kutoka chini. "Kila siku naliweka hapa na mnatua vizuri tu. Leo mmekuwa wageni?"

"Kila siku tunatua kwa macho! Leo chuma chako kinatupindishia njia. Liondoe!"

"Haya, bibi, ngoja nitafute ufunguo."

Tukazidi kushuka, mshale ukicheza, hadi kimo ambacho chini yake hakuna kubahatisha. "Unaziona taa?" Busara akauliza. Kiburi akavua miwani. "Sizioni."

"Basi panda."

"Mama, nakuomba," nikalia, "mke wangu yuko hapo chini!"

Akanigeukia kwa mara ya kwanza. "Najua. Na nyuma yako wamekaa wauguzi wawili. Nao wana wa kuwalilia." Akasukuma vishikio vya kuongeza nguvu ya injini, na weupe ukajifunga chini yetu.

Nilipozinduka, mvumo wa ndege ya kweli ulikuwa unafifia. "Baba, ameshindwa," alisema Lusungu. Nikatafuta tusi la kumtupia rubani yule, sikulipata. Alikuwa amefanya sawa, na kwa kufanya sawa alikuwa ameniachia mke wangu afie mikononi mwangu. Nikaingia wodini.

"Imetua?" Atupele akauliza.

"Haijatua."

Akasogeza miguu, nikapata pa kukaa.