Viatu vya Wendell

Ilipofika saa tano na robo asubuhi, Nelda Satterfield alikuwa ameuimba wimbo unaomhusu kaka yake mara saba, na mara zote saba Garland Moss, prodyuza wake, alikuwa ametikisa kichwa nyuma ya kioo.

"Dada Nelda," sauti ya Garland ikamjia kwenye hedifoni, ya upole kama ya daktari mwenye majibu mabaya. "Bado unamwiga Marva."

Mzee Cecil Rudd, aliyekuwa ameinamia gitaa lake la chuma, akavua miwani. "Bosi, hebu muogope Mungu kidogo. Marva ndiye aliyemwiga Nelda. Kwenye rekodi ya Marva nilipiga mimi, nilikuwepo."

"Najua, mzee."

"Sasa kama unajua?"

"Najua mimi, unajua wewe, anajua Nelda. Tuko watatu. Wanaosikiliza redio ni wangapi?"

Mpiga ngoma akacheka, kisha akaona uso wa Nelda, akajifanya anakaza skrubu.

Kwa miaka kumi na minne kazi ya Nelda pale Nashville ilikuwa kuimba demo. Mtunzi akishapata wimbo, humwita mtu kama Nelda auimbe kwenye kanda, kanda ikapelekwa kwa nyota, nyota akaisikiliza garini mpaka akaishika, halafu kanda ikatupwa kwenye droo. Mwimbaji mzuri wa demo ni yule asiyeonekana. Nelda alikuwa mzuri sana. Mara nyingi alisimama kwenye foleni ya dukani akasikia spika za darini zikitoa pumzi zake mwenyewe kupitia kinywa cha mtu mwingine, akatabasamu, akalipia mayai yake na kwenda zake.

Lakini wimbo wa Viatu vya Wendell aliutunga mwenyewe. Wendell alikuwa kaka yake. Dari la mgodi wa makaa lilimwangukia akiwa na miaka ishirini na miwili, kule Kentucky kwao, na tangu siku hiyo mama yao hajaacha kuvipiga kiwi viatu vyake vya kanisani kila Jumamosi na kuviweka karibu na mlango. Wimbo haukuwa na zaidi ya hayo. Nelda alipourekodi kwenye demo, alifika kwenye jina katika ubeti wa pili, sauti ikakatika. Nusu ya jina ikatoka, nusu nyingine ikawa pumzi tupu. Fundi wa kurekodi akamwambia warudie. Akakataa. "Demo tu hii," alisema, akachukua mkoba wake.

Kampuni iliyoshika haki za nyimbo zake ikaitia kanda ile katika bahasha moja na nyingine kumi na kumpelekea nyota Marva Tackett, kama ilivyo kawaida. Marva akaupenda, akaurekodi vilevile alivyousikia kwenye kanda. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyedanganya, na kila karatasi ilikuwa na sahihi ya Nelda mwenyewe. Hilo ndilo lililomchosha zaidi: alitafuta mtu wa kumkasirikia, asimpate.

Sasa, akiwa na miaka arobaini na mmoja, alikuwa amepewa albamu yake ya kwanza. Nyimbo tisa zilikuwa tayari. Wa kumi ulikuwa wa Wendell; alishamwahidi mama yake. Lakini tangu majira ya kuchipua wimbo ule ulikuwa ukipigwa na kila stesheni kwa sauti ya Marva, na mtu mmoja wa redio aliyeonjeshwa ile demo ya Nelda aliuliza kwa dhati kabisa, "Huyu mama ni nani, anayemwiga Marva hadi pale anapokatika sauti?" Wenye lebo, kampuni inayotoa albamu, waliposikia hayo wakamwambia Garland: ama auimbe kwa namna ambayo hakuna atakayemkumbuka Marva, ama albamu itoke na nyimbo tisa. Studio ilikuwa yao mpaka saa saba mchana. Ikifika saa saba wanamuziki hufunga vyombo vyao. Ndiyo sheria ya chama chao, na haina huruma wala chuki.

"Tuushushe," Cecil akapendekeza. "Tuuimbe chini, kama mtu anayeongea na sahani jikoni."

Karatasi zao ziliandikwa namba tu mahali pa noti, namba zinazofaa sauti ya juu au ya chini, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kuandika upya. Walihama wote pamoja kama watu wanaosogeza meza. Nelda akaimba chini. Alipofika kwenye jina, sauti ikakatika palepale.

Wakajaribu kwa mwendo wa walzi, ule wa dansi ya taratibu. Ikakatika. Wakajaribu haraka, na fidla ikichezacheza mbele, mpaka Cecil akanung'unika kwamba hayo ni mazishi ya kukodi bendi ya harusi. Ikakatika.

"Usiliache jina livunjike," Garland akamsihi. "Litoe zima, dada. Mara moja tu."

Nelda akafumba macho, akakaza tumbo kama alivyojifunza, akalitoa. *Wendell.* Likatoka zima na safi, kama jina linaloitwa na mwalimu kwenye daftari la mahudhurio. Wimbo ulipokwisha kila mtu alikuwa anaangalia sakafu.

"Hiyo ni nzuri," Garland akasema.

"Mwongo wewe," Nelda akamwambia, bila hasira.

"Ndiyo," Garland akakubali. "Pumzikeni kidogo."

Cecil akatoka kwenda kutafuta kahawa. Aliporudi hakuwa na kahawa. Alikuwa na Marva Tackett. Siku hiyo Marva alikuwa chumba cha pili akimalizia kazi zake, msichana mrefu wa miaka ishirini na sita, soksi miguuni, nywele zimefungwa ovyo kwa mpira wa kufungia karatasi za muziki.

"Ni wewe?" akamuuliza Nelda, akiwa bado mlangoni. "Wewe ndiye wa kwenye kanda? Mama, mimi nimelala na kanda yako mwezi mzima! Pale kwenye jina, pale unapovunjika, nilijaribu kwa njia yangu mara thelathini, muulize mzee Cecil. Kila njia ilikuwa uongo. Nikasema basi, acha nifanye kama alivyofanya yule dada."

"Pale sikufanya kitu," Nelda akasema. "Pale nilishindwa. Wendell ni kaka yangu."

Marva akaweka mkono mdomoni. "Nilidhani ni jina tu," akasema. "Nilidhani mmelichagua kwa sababu linaimbika."

Marva akaketi kwenye kiti cha mpiga ngoma, akamtazama Nelda kama mtoto aliyevunja kitu nyumbani kwa watu. "Nifanye nini? Niambie, nitafanya. Nitasema redioni. Kila nitakapohojiwa nitasema ni wako."

Alikuwa akisema kweli; Nelda aliliona hilo, na liliuma kuliko kama angekuwa mwenye majivuno. Akaona pia jinsi mambo yatakavyokuwa. Marva atasema, watu watajifuta machozi na kumpenda Marva zaidi.

Ni Garland aliyepata wazo. "Imba naye. Sasa hivi, sauti ya pili tu. Mkiwa wawili, nani atasema mmoja anamwiga mwenzake?"

"Naam!" Marva akaruka, akakimbilia simu ya ofisini kuomba ruhusa kwa lebo yake.

Dakika ishirini nzima wakamsubiri. Mpiga besi akala sandwichi yake nusu, akamkatia Nelda kipande. Nelda akakishika mkononi bila kula. Saa sita na dakika hamsini Marva akarudi, macho mekundu.

"Wamekataa. Mkataba hauruhusu. Wanasema sina ruhusa hata ya kupiga makofi kwenye albamu ya mtu mwingine." Akamshika Nelda mikono miwili. "Nimewaomba, dada. Haki ya Mungu nimewaomba."

"Najua, mwanangu," Nelda akasema, na akajikuta yeye ndiye anayembembeleza.

Zilibaki dakika saba. Garland akauliza kwa ishara kama wajaribu tena. Nelda akawatazama wanaume wale waliombadilishia wimbo mara tatu asubuhi moja bila kulalamika, akavua hedifoni, akaitundika.

"Waache wakale," akasema.

Cecil alikawia kufunga gitaa lake. Alipomaliza akamgusa Nelda begani na kutoka.

Kwenye korido kulikuwa na simu ya ukutani. Nelda alipiga nyumbani kabla ujasiri haujamwisha, kwa kuwa ahadi ilikuwa yake na ilibidi aivunje mwenyewe.

"Mama, ni mimi. Nataka kukwambia kuhusu ule wimbo..."

"Nimekusikia!" Mama yake akapaza sauti kama kawaida ya wasioamini simu. "Jana, redioni! Baba yako alikuwa anakunywa kahawa, nikamwambia nyamaza, huyo Nelda. Tukakusikiliza mpaka mwisho. Ulipofika kwa Wendell ukashindwa, baba yako akatoka nje, hakurudi ndani mpaka kuku wamelala."

Nelda akaegemeza paji la uso ukutani. "Mama. Yule redioni..."

"Eti mtangazaji akataja jina la mtu mwingine! Nikamwambia baba yako, hawa watu hovyo, hata majina hawawezi kuyasoma. Mimi nisimjue mwanangu anavyolia?"

Nelda akafungua mdomo. Lilikuwa jambo la maneno manne au matano, na alikuwa nayo yote.

"Wa kanisani nimeshawaambia," mama yake akaendelea. "Wote wanataka hiyo albamu. Inatoka lini?"

"Septemba, mama."

"Na wetu umo?"

Nyuma yake mtu alikuwa akizima taa za studio moja baada ya nyingine. Nelda alisikia mama yake akipumua upande wa pili, akingoja, hana haraka.

"Nelda? Upo?"

"Nipo, mama," akasema. "Nipo."