Magari Pacha ya Marehemu Rajabu

Mimi naitwa Mwanahamisi, wa Rahaleo, Mtwara, na nasema mapema ili usije ukashangaa huko mbele: nina hasira. Nimezaliwa nazo. Marehemu mume wangu, Rajabu, alikuwa akisema kwamba hasira zangu huamka kabla yangu, zikateka maji, zikawasha moto, ndipo mimi nikaamka. Basi haya yaliyonikuta niliyataka mwenyewe.

Rajabu alikuwa mkulima wa korosho kule Nanyamba, na alikuwa na wake wawili: mimi mkubwa, na mdogo Asia, mwalimu, aliyejengewa nyumba mtaa wa Chuno. Mtu yule aliogopa dhuluma kuliko nyoka. Akininunulia doti ya kanga, na Asia anapata ileile, rangi ileile, maneno yaleyale. Tukikutana harusini tumevaa sare kama wanakwaya. Msimu mmoja korosho ikamlipa vizuri, akaenda Dar es Salaam, akarudi na magari mawili ya Kijapani, Forester za petroli, zenye turbo, zote za bluu, mwaka mmoja, injini moja, gia moja. "Sitaki mtu aseme nimependelea," akasema, akatugawia funguo huku amefumba macho. Haki ya Mungu, alifumba macho.

Na mimi nikasema amependelea.

Ilikuwa hivi. Kazi yangu ni kaa. Nawanunua Msimbati, kwa akina mama wanaowatoa kwenye mikoko ya mdomo wa Ruvuma, nawaleta mjini wazima, magando yamefungwa kamba, kwa wanunuzi wanaowasafirisha kwa ndege. Kaa akifa njiani hana mnunuzi. Gari ndiyo kazi yangu yote. Sasa siku moja tunakwenda shamba, magari mawili, Asia amepakia watu watatu, mimi niko peke yangu. Kwenye mlima wa kuelekea Nanyamba akanipita, na honi akanipigia, pii! Nikakanyaga mafuta mpaka mwisho, gari langu linajikongoja tu. Safari ya pili, vilevile. Safari ya tatu nikasema, ala! Huyu mwanamume alifumba macho ya usoni, ya moyoni aliyaacha wazi. Kijana kapewa gari lenye nguvu, mkongwe kapewa lililobaki.

Sikumwuliza. Hilo ndilo kosa langu la kwanza. Nilimnunia tu, nikampikia nimenuna, nikampakulia nimenuna. Halafu nilipokwenda Dar es Salaam kwenye msiba wa shangazi, nikatafuta kijana mmoja anayetyuni magari, kuyaongezea nguvu kwa kompyuta, nikamwambia, "Nipe nguvu. Kuna mtu nataka kumpita." Akachomeka waya wake, saa mbili baadaye nikakabidhiwa jini. Akaniasa nijaze petroli ya sheli tu, nisijaze ovyo ovyo, na kwa kuogopa kuliua lile jini nikamtii. Wiki ile ile niliyorudi nikampita Asia mlimani, na honi nikampigia ndefu kuliko yake. Nilifurahi, sitasema uongo. Nilifurahi siku tatu nzima.

Haukupita mwaka Rajabu akaugua. Alipoona safari imekaribia akaniita peke yangu, akanishika mkono. "Mwanahamisi, kama nimekudhulumu, unisamehe." Neno lenyewe ni moja tu, nimekusamehe, hata mtoto analiweza. Mimi nikamjibu, "Kipimo chako anakijua Mungu." Akanitazama sana. Jumatano akafa.

Nikakaa eda miezi minne na siku kumi, gari limeegeshwa. Nilipotoka nikarudi Msimbati kwenye kaa wangu, na uchovu wa msiba ukanirudisha kwenye tabia ya zamani: kujaza petroli ya madumu inayouzwa kando ya njia, maana sheli iko mjini na mimi nina haraka. Wiki ya pili injini ikaanza kugonga. Nikikanyaga mafuta tu, ka-ka-ka-ka, kama mtu anatikisa kokoto ndani ya kopo. Mafundi wawili wakabadilisha plagi, wakabadilisha chujio la petroli, wakakuna vichwa. Mwishoni mmoja akaniambia, "Nenda kwa Esperanca."

Esperanca ni binti wa Chuno, wazazi wake walivuka mto kutoka Msumbiji, upande wa Mueda. Nilitegemea fundi mwenye mwili, nikakuta msichana mwembamba kama mchicha, suruali ya kazi, nywele kafunga kitambaa. Nikajisemea, leo nimekwisha. Hakugusa kompyuta. Alifungua boneti, akaniambia niwashe, akasimama ameinamisha kichwa anasikiliza, muda mrefu, kama mkunga. Kisha ndipo akachomeka waya na kutazama tarakimu zake.

"Mama, nani alikutyunia?"

"Nani kasema limetyuniwa?"

"Gari lenyewe."

Mficha uchi hazai. Nikamweleza habari ya mlima, honi na Dar es Salaam, nikamwapisha asimwambie mtu. Hakucheka, ingawa midomo ilimcheza. Akavuta ndoo, akanikalisha, akanifundisha. Ndani ya kompyuta ya gari, anasema, kuna ramani: inaiambia injini imwage petroli kiasi gani, cheche iruke wakati gani, turbo isukume hewa kwa nguvu gani. Yule kijana aliongeza hewa, akawahisha cheche, na kwa petroli safi kazi yake si mbaya. "Hata mimi natyuni, mama. Lakini amefanya jambo moja nisilolipenda. Injini hii ina masikio. Ya kiwandani ikisikia inagonga, inajirudisha nyuma yenyewe, inapunguza nguvu ili isife. Yeye kaiziba masikio isimpunguzie sifa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ukiendelea hivi na madumu yako, wiki hii haiishi. Pistoni itatoboka, injini ife."

Lakini kilichonishika zaidi ni lile neno la masikio. Akanieleza watu wa kiwandani wanavyofanya kazi: wanaipeleka injini kwenye baridi, kwenye joto, mlimani, wanaipa petroli nzuri na mbaya, miaka, ndipo wanaandika ramani yao, na wanaacha nafasi kwa ajili ya mtu asiyejua kitu. Mtume! Mjapani hanijui, hajawahi kusikia Msimbati, lakini alikaa akaniwaza, mimi na haraka zangu na madumu yangu. Nikamwambia Esperanca, "Nirudishie ya kiwandani, mwanangu. Sasa hivi."

Hapo ndipo maji yakanifika shingoni. Yule wa Dar es Salaam hakuhifadhi nakala, nilimpigia, akanijibu bila haya, "Ile nilishaifuta, mama." Mtandaoni mafaili yapo, lakini Esperanca akakataa katakata. Haweki kwenye gari la mtu faili asilojua lilikotoka. Anataka gari zima, halijaguswa, mwaka huu, injini hii, gia hii, alisome mwenyewe.

"Mjini hapa sijui kama lipo," akasema.

Lipo. Nililijua lilipo, ila sikuwa nimemwambia kwamba lile lililonipita ni pacha wa langu. Lilikuwa nyumba ya saba kutoka pale tulipokaa.

Sikuwa nimekanyaga kwa Asia tangu matanga. Nilipiga hodi. Akatoka na chaki bado vidoleni, akaniangalia juu mpaka chini. "Dada! Leo jua limechomoza wapi?" Nikamwambia kompyuta ya gari langu imeharibika, fundi anahitaji kunakili kutoka kwenye la kwake, nusu saa tu. La kutyuni nililificha. Nilisubiri anisimange, na angekuwa na haki. Akaingia ndani, akatoka na ufunguo. "Si magari pacha haya," akasema, hana zaidi.

Lo, kumwona yule binti akifanya kazi! Alilisoma gari la Asia mara mbili, akalinganisha nakala zake mbili neno kwa neno kuhakikisha zinafanana, akalinganisha namba ya kompyuta yangu na ya Asia. Alipoanza kuandika kwenye gari langu akaunga betri ya pili ili umeme usikatike katikati, akatukataza hata kufungua mlango. Jasho linamtoka, hapangusi. Chanda chema huvikwa pete. Mimi ningemvika zote kumi. Mwisho, Asia akiwa ameingia ndani, akafungua skrini, akanionyesha ramani mbili, ya yule kijana na ya kiwandani. Ya kijana imepanda kwa vishindo kama mimi ninavyoongea. Ya kiwandani inapanda taratibu, inajua inakokwenda. Mimi sijui tarakimu, lakini uzuri niliuona.

Asubuhi yake tukaenda wote watatu barabara ya Naliendele kupima, kipande kimoja kilekile cha mlima, gia namba tatu, Esperanca na kompyuta mapajani. Kwanza la Asia. Likapanda kama linaitwa. Kisha langu. Kugonga kumekwisha, alhamdulillahi, lakini tulipofika nusu ya mlima gari likalegea, likaanza kujikongoja kule kule kwa zamani.

Hasira zikaamka. Niliegesha, nikashuka, nikabamiza mlango. "Mmeona? Mmeona sasa? Ramani moja, na langu bado dhaifu! Nilijua! Alinipa bovu!"

Asia akakodoa macho. Esperanca hakuinuka hata kwenye kiti. Akauliza, polepole, "Mama, petroli iliyomo humu ni ya wapi?"

"Ya madumu. Ya juzi."

"Na miaka ile ya kwanza, ulipokuwa unapitwa, ulikuwa unajaza wapi?"

"Kulekule," nikasema.

"Mwalimu, wewe unajaza wapi?"

"Sheli, karibu na shule," Asia akajibu. "Siku zote."

Esperanca akashuka garini. Alinyonya petroli yangu yote kwa mpira, akaenda na gari la Asia kujaza madumu yake sheli, pampu ileile ya Asia, akamimina, akaifuta kompyuta kumbukumbu ya petroli mbovu iliyoizoea. Tukashuka na kupanda mara kadhaa ili injini ijifunze upya. Kisha akapima. Langu sekunde saba na nukta mbili. La Asia saba na nukta mbili. Akarudia kwa kubadilishana madereva. Saba na mbili, saba na tatu.

"Ni sawa," akasema. "Yalikuwa sawa tangu siku ya kwanza. Lako lilisikia petroli mbovu, likajipunguza ili likudumie miaka."

Nikashika boneti. Miaka yote ile nimemnunia mtu kwa ajili ya petroli ya madumu. Aliniomba neno moja nikamnyima.

Nikageuka kumtazama Asia, nikadhani atanicheka. Alikuwa analia. "Dada," akasema, "mbona basi mwaka juzi ulianza kunipita? Ulinipita na gari limejaa matenga. Mimi nikasema, kumbe mzee alimpa mkubwa lenye nguvu, mimi kaniziba macho. Nikamgeuka. Alipoumwa akaniomba radhi, nikamwambia akaombe kwa mwenye gari kali."

Esperanca akainamisha kichwa, akaanza kukunja waya ambao ulikwisha kukunjwa. Siri yangu ilikuwa mikononi mwake na hakuitoa. Ningeweza kunyamaza. Hakuna mtu angejua, Mtwara nzima.

"Asia," nikasema. "Nililityuni. Kwa siri. Nilitaka nikupite."

Alinitazama mpaka nikatamani anipige. "Kwa hiyo kosa hakuwa nalo," akasema. "Si kwako, si kwangu."

"Hakuwa nalo."

"Na sote wawili tulimkatalia."

Siku ya mazishi kila mmoja wetu alilia chumba chake, na watu wake. Pale Naliendele, kando ya barabara, Asia aliniangukia kifuani nami nikamshika, tukamlilia mume wetu, kwa mara ya kwanza pamoja, na kwa sauti, kama amekufa asubuhi ile.