Vitukutuku wa Upenuni kwa Nyevu

Zuleikha alipiga magoti mchangani kule Bofa, pwani karibu na Kilifi, akachota mchanga kwa kijiko cha sukari na kuupitisha kwenye chujio la chai. Masika ya mwaka 1986 yalikuwa yameshika. Mvua ilimpiga mgongoni. Mikono yake, iliyotangulia mbele ya magoti, haikulowa.

Alikuwa ametoka chuo kikuu juzijuzi, na makumbusho yalimtuma awatambue vitukutuku wakubwa wa pwani na ajue wanakaa wapi. Kitukutuku mdogo kila mtoto anamjua: huchimba kishimo mfano wa faneli kwenye mchanga mkavu wa upenuni, akajificha chini akingoja sisimizi ateleze. Wakubwa, wale ambao wakishaota mbawa watu huwadhania kereng'ende, hawachimbi. Hujizika tu katika mchanga wa porini, huko bara, pande za Ganze. Ndivyo alivyofundishwa.

Huyu aliyebaki kwenye chujio alikuwa mkubwa kama kokwa la embe, na alitoka katika shimo pana kama karai. Mashimo mengine yalifuatana kwa mstari, yakakata kona, yakafuatana tena, mpaka yakauzunguka uwanja mtupu wa sakafu ya udongo. Humo ndani hapakudondoka tone. Maji yalishuka nje ya mashimo, moja kwa moja, kama yanavyoshuka kwenye ncha za makuti.

Katikati ya ukavu huo aliketi bibi kizee, Nyevu, akichambua kunde.

"Shikamoo, hawe," alisema Zuleikha, akimwita kama Wagiriama wanavyowaita bibi zao.

"Marahaba, mwanangu. Umesoma ukamaliza vitabu, sasa umefika kwa vidudu?"

"Ndio kazi, hawe. Na hawa wamenichanganya. Mwili ni wa porini, mwenendo ni wa nyumbani."

"Ni wale wale wa upenuni kwangu. Walikuwa kama punje za mchele. Tangu nyumba ibomolewe hakuna wa kuwakanyaga. Wamenenepa."

"Na mvua je?"

"Mvua imeizunguka nyumba hii tangu nilipoolewa. Hakuna aliyeiambia kwamba nyumba haipo."

Nyumba ilibomolewa baada ya Krismasi na watu waliotaka kujenga hoteli. Walisema pale palikuwa kichaka, hapajakaa mtu. Majirani wa Nyevu walikwisha hamia bara, na wiki ile afisa wa ardhi alikuwa aamue. Asipopatikana wa kushuhudia kwamba Nyevu aliishi pale, kiwanja kitakwenda.

Zuleikha aliona shahidi yupo, kwenye chujio lake. Alimtia mdudu katika kopo la maziwa ya unga pamoja na mchanga wake, akaenda Kilifi.

Afisa alikuwa mtu mwungwana. Alichungulia kopo.

"Mashallah. Ameshiba huyu."

"Hukaa upenuni tu, bwana. Alipo yeye pana nyumba."

"Nakubali."

Akafuatana naye mpaka Bofa. Alipouvuka mstari wa mashimo alikunja mwavuli wake, akaukung'uta kwa nje asimloweshe Nyevu sakafu.

"Upenu upo," alisema.

"Basi hawe aliishi hapa."

"Hilo sijalisema, binti. Upenu nauona. Nyumba siioni."

Akamuaga Nyevu kwa heshima, akafungua mwavuli, akaondoka. Zuleikha aliyarudia maneno yale siku nyingi, akitafuta ni lipi kati ya hayo lililokuwa la uongo. Hakuliona.

Makumbusho yaliridhika na kazi yake. Yaliandika kwamba kitukutuku wa Bofa ni yule mdogo aliyekua, na makazi yake ni upenuni. Hakuna aliyeuliza upenu wa nani.

Kiwanja kilikwenda, na hoteli ikajengwa kando kidogo. Masika yaliyofuata wenye hoteli waligundua kwamba wageni wakikaa pale uwanjani hawalowi, wakapanga meza. Wahudumu waliwaambia waangalie mashimo.

Siku moja ya mvua Nyevu alishuka kutoka Ganze, alikokuwa amehamia, naye Zuleikha akamsindikiza. Alifika kwenye mstari wa mashimo, akasimama upande wa nje.

"Hodi!" aliita.

"Karibu," alijibu mhudumu mmoja kwa mazoea, sinia mkononi.

Mlinzi alikuja upesi. "Mama, hapa pana wenyewe."

"Najua," alisema Nyevu.

Zuleikha alimtazama mlinzi, akamtazama Nyevu, asijue amsahihishe nani. Wote wawili walikuwa wamesema kweli. Mvua iliteremka kama kutoka makutini, ikawalowesha yeye na Nyevu. Mbele ya vidole vyao mchanga ulikuwa mkavu, na kitukutuku mmoja alikuwa akirusha punje nje ya shimo lake, akilitengeneza.